Dubu na Mzigo wa Shangazi Manka

Kila Ijumaa saa tisa na nusu alasiri basi la shule lilitushusha, mimi na mdogo wangu Edson, mbele ya nyumba zetu za kupanga pale Irving, Texas. Na kila Ijumaa kitu cha kwanza tulichokitafuta kwa macho kilikuwa vani ya Baba. Kama ipo, Baba yuko nyumbani. Kama haipo, ufunguo uko shingoni mwangu, tunaingia, tunapasha moto wali wa jana, kisha tunakaa dirishani kuhesabu ndege. Tulikaa karibu na uwanja wa ndege, yaani ndege zilipita chini mpaka vikombe vinalia kabatini.

Vani yenyewe natamani mngeiona. Ilikuwa nyeupe na kuukuu. Zamani ilikuwa ya duka la maua, na jua la jioni likiipiga ubavuni ulikuwa unaona alama ya waridi lililobanduliwa. Baba alitoa viti vya nyuma akajenga kitanda cha mbao kilichoenea upana wote. Chini ya kitanda akaacha nafasi ya kuwekea vitu, ambayo unaifikia kwa mlango wa nyuma. Mama alishona mapazia ya kanga ya njano yenye korosho nyekundu. Kasoro ilikuwa moja tu: kitasa cha mlango wa nyuma kilikuwa kimechoka. Ukikivuta kwa nguvu, kinaachia.

Baba yangu, Elimringi, alikuwa anapakia mizigo kwenye ndege. Alitufundisha utaratibu wa kazini kwake, tukautumia hata nyumbani. Mtu mmoja anakagua, mwingine anafunga. Mkaguzi akimaliza anasema, "Safi." Basi. Yule mwingine anafunga mlango, hachungulii tena. Mimi nilikuwa mkaguzi wa vani. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na sikuwahi kujisikia mkubwa kama siku nikisema "safi" na kusikia ule mlango ukigongwa nyuma yangu.

Haya. Ilikuwa Oktoba mwaka 2018, wikendi ndefu, Jumatatu hakuna shule. Mama hakuwepo. Jumatano alikuwa amepanda basi kwenda Missouri City, kule upande wa Houston, kumhudumia Shangazi Manka, dada yake Baba. Shangazi alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza baada ya kungoja miaka tisa. Kwetu mzazi haachwi peke yake. Kuna mtu wa kumpikia mtori wa ndizi, wa kumwogesha mtoto, na wa kumwambia mzazi alale.

Alhamisi ndipo mzigo ulipofika. Khalfan, rafiki yake Baba, alikuwa ametoka Tanzania, akachelewa siku mbili njiani. Bila kuchelewa huko, mzigo ungeondoka na Mama na mimi nisingekuwa na hadithi ya kuwasimulia. Kilikuwa kifurushi cha ukubwa wa mto mdogo, kimeshonwa kwa uzi mweusi pande zote. Juu yake Bibi, mama yake Baba, alikuwa ameandika kwa wino mzito: MANKA, MAMA WA MTOTO. MKONONI. Khalfan akasema ndani mna dagaa wa kukaanga, chupa ya asali ya nyuki wadogo, na kitu kingine ambacho Bibi alisema ni cha Manka na mtoto wake.

Hatukufungua. Mzigo wa mtu haufunguliwi, hilo hata Edson wa miaka saba alilijua. Lakini hakuna aliyekataza kunusa. Nilikishika kifurushi kile nikaweka pua, na jamani, kilinukia dagaa, moshi wa kuni, na kitu ambacho sikukijua jina lakini nilikijua. Ilikuwa harufu ya nyumba ya Bibi kule Machame. Nilitoka kule nikiwa na miaka minne. Nilifumba macho nikakaribia kabisa kuliona lile jiko, kisha likapotea.

Jioni hiyohiyo Bibi akanitumia ujumbe wa sauti kwenye simu. Ninao mpaka leo. Unaanza na jogoo, halafu Bibi anakohoa kidogo, halafu anasema, "Ndeshi, mjukuu wangu, wewe ndiye mkubwa hapo. Mzigo wa shangazi yako usiachane nao mpaka uuweke mkononi mwake. Umesikia, mama?" Nikamjibu kwa sauti kwamba naahidi. Ahadi hiyo nikaibeba kama yai.

Ijumaa tuliposhuka kwenye basi, vani ilikuwepo na Baba alikuwa anaisafisha vioo. Akatuambia Jumapili tunakwenda kumwona mtoto, lakini kwanza tunakwenda kulala milimani usiku mbili, Oklahoma, mwendo wa saa mbili na nusu. Alikuwa ametuahidi tangu kiangazi. Mama alipopigiwa simu akacheka mpaka sisi tuliokuwa jikoni tukamsikia. Akasema Houston iko kusini, na katika dunia hii ni Elimringi peke yake anayekwenda kusini kwa kupitia kaskazini.

Safari ile, jamani. Madirisha wazi, Edson anaimba maneno anayoyabuni, Baba anapokea. Tulivuka mto mkubwa mpakani, barabara ikaanza kupinda na miti kuwa mingi, na hewa ikabadilika ghafla kama umefungua friji. Mzigo nilikuwa nimeupakata. Baba akanitazama kwenye kioo akasema, "Mwenye mtoto huyo, funga mkanda vizuri."

Langoni mwa hifadhi tukapokewa na askari wa hifadhi, mama mmoja mrefu mwenye kofia pana na nywele nyeupe zilizosukwa mkia mmoja. Aliongea kwa Kiingereza cha taratibu, na alichosema kilikuwa kifupi. Milima hii ina dubu weusi. Mwezi wa kumi wana njaa kuliko mwezi wowote, maana wanajaza mafuta ya kulalia msimu wa baridi. Pua ya dubu ni kali kuliko ya mbwa. Kwa hiyo kitu chochote chenye harufu, chakula, sabuni, dawa ya meno, mafuta ya kupaka, hata takataka, kisilale ndani ya gari. Kila kambi mbili zina sanduku moja la chuma, viwekwe humo. Dubu akija, msimkimbie wala kumtupia chakula. Pigeni kelele na mumpe njia ya kuondoka.

Edson akauliza kama dubu anakula watoto. Yule askari akajibu kwamba dubu huyu anapenda zaidi karanga, ila akizoea chakula cha watu hawezi tena kukaa mbali na watu, na mwisho wake mara nyingi ni kupigwa risasi. Alilisema hilo akimwangalia Baba, lakini mimi ndiye niliyelimeza.

Kambi yetu ilikuwa chini ya misonobari. Jirani zetu walikuwa wazee wawili, mume na mke, wana trela dogo la bluu na viti viwili vya kukunja. Lile sanduku la chuma lilikuwa katikati yetu na wao, kubwa kama friza. Lilifungwa kwa kibano tu. Halikuwa na kufuli.

Baba akatukaangia mayai na viazi, akaunguza kidogo, tukala yote. Jua lilipoanza kuzama akapiga makofi mawili akasema, "Mkaguzi, kazini."

Nilikagua kwelikweli. Nilitoa mikate, mayai, vitunguu, sufuria, sabuni ya vyombo. Nilimpekua Edson mifukoni nikakuta pipi nne na dawa yake ya meno yenye ladha ya stroberi. Akalalamika kwamba dawa ya meno siyo chakula. Nikamwambia kwa ukali, "Sheria ni sheria, Edson." Nikaviweka vyote ndani ya sanduku.

Halafu nikabaki na mzigo mikononi.

Niliangalia lile sanduku lisilo na kufuli. Niliwaangalia wale wazee wa trela la bluu, ambao dakika ileile walikuwa wamelifungua kuweka nyama zao. Watu wema kwa sura, lakini mimi nawajua? Wakiufungua je? Wakiuchukua kwa kukosea? Sauti ya Bibi ilikuwa sikioni, usiachane nao. Kumwuliza Baba ilikuwa hatua tano tu, alikuwa amekaa kwenye ngazi ya vani anafunga kamba za viatu. Sikuuliza, kwa sababu nilijua atakachosema.

Nikachukua mifuko mitatu ya plastiki nikauvika mzigo mmoja juu ya mwingine, nikafunga mafundo. Nikazunguka nyuma, nikausukuma chini ya kitanda, upande wa mlango anaolalia Edson. Nikanusa. Sikusikia kitu. Nikajiambia kama mimi sisikii, dubu atasikia wapi?

"Vipi?" Baba akauliza.

"Safi," nikasema.

Baba akafunga mlango. Hakuchungulia.

Usiku ule haukuwa na kitu. Asubuhi tukaamka, ndege wanaimba, na mimi nikajiona nina akili kuliko askari wa hifadhi. Jumamosi nzima ilikuwa ya raha. Tulipanda mlima, tukavua viatu tukaingia kwenye kijito cha maji ya baridi mpaka Edson akapiga yowe, Baba akatuonyesha jinsi walivyokuwa wanatega kaa wa mtoni utotoni kwake, ingawa hatukupata hata mmoja. Yule mzee jirani alitupa kuni kavu. Jioni nilikagua tena. Nikasema "safi" tena. Mara ya pili haikuniuma hata kidogo, na hilo ndilo ninalolikumbuka vibaya kuliko yote.

Nikaamka Jumapili alfajiri, mwanga wa kijivu umeanza kuingia kwenye mapazia. Vani ilikuwa inatikisika.

Nilidhani ni Baba anajigeuza. Lakini Baba alikuwa amekaa wima, kidole mdomoni. Nje kulikuwa na sauti kama ya mtu mwenye mafua anayevuta pumzi, fuu, fuu, inatembea ubavuni mwa gari. Baba akasogeza pazia kwa kidole kimoja. Nikaona mgongo. Mweusi, mpana kama kochi la sebuleni kwetu, unapita polepole kuelekea nyuma.

Edson alikuwa amelala fofofo upande wa nyuma kabisa, kichwa kimegusana na mlango. Baba akanisogelea sikioni akanong'ona, "Usiogope. Humu hamna kitu cha kumvuta. Tukitulia ataondoka mwenyewe. Tumwache Edson asishtuke."

Nawaambia, Baba alikuwa ameamua kungoja kwa sababu mimi nilisema safi.

Mlango wa nyuma ukagongwa. Kucha zikapita kwenye bati, sauti nyembamba inayoingia mpaka kwenye meno. Nilitaka kunyamaza. Kweli kabisa, kwa nukta mbili nilitaka kunyamaza, labda ataondoka, labda hakuna atakayejua.

"Baba," nikasema, "kitu kipo. Mzigo wa Shangazi. Uko chini ya Edson."

Baba alinitazama. Ilikuwa mara moja tu, fupi, lakini mpaka leo nikifumba macho naweza kuuona uso ule. Kisha akanyoosha mikono yote miwili, akamzoa Edson pamoja na blanketi lake, akamtupa kwenye kiti cha mbele na kunisukuma mimi humohumo. Hakuwa bado amekaa vizuri kwenye usukani nilipokisikia kile kitasa kilichochoka kikisema ka! Mlango ukafunguka. Hewa ya baridi ikaingia, na pamoja nayo harufu nzito ya mnyama aliyelowa.

Nikageuka nikaona kichwa chake. Pua ya kahawia, masikio ya duara, macho madogo yasiyo na hasira yoyote. Mkono wake mmoja ulikuwa juu ya mto wa Edson, mahali palepale kichwa chake kilipokuwa. Kucha zake zikanasa pazia la nyuma likachanika kutoka juu mpaka chini.

Baba akaikandamiza honi wala hakuiachia. Akawasha taa zote. Edson aliamka akaanza kulia, na kule kwenye trela la bluu wale wazee wakatoka nje, bibi anapiga sufuria kwa mwiko, babu anapiga mayowe. Dubu akarudi nyuma, lakini hakuondoka bure. Aliingiza mkono chini ya kitanda, akavuta, akauchukua mzigo wa Shangazi mdomoni, mifuko mitatu na yote, akakimbia nao hatua kama ishirini. Akaupasua pale chini ya msonobari mbele ya macho yetu. Nilisikia chupa ikigonga jiwe. Honi iliendelea mpaka akachoka nayo, akapanda kilima akapotea.

Askari wa hifadhi alifika jua likiwa limechomoza. Baba alikuwa wa kwanza kushuka. Akavua kofia akamwambia kosa ni lake, yeye ndiye mkubwa, yeye ndiye aliyefunga mlango bila kuangalia. Nilikuwa nyuma yake, Edson amenishika mkono. Ningeweza kukaa kimya pale na mambo yakaisha. Lakini Baba kusimama na kofia mkononi kwa ajili ya uongo wangu, hilo lilinishinda. Nikapita mbele nikamweleza yule askari kwa Kiingereza kila kitu, mifuko mitatu, sanduku lisilo na kufuli, na "safi" zangu mbili.

Aliandika kwenye daftari lake. Hakunigombeza. Akaniambia nimemsaidia, kwa sababu angedhani dubu huyo ameanza kuvunja magari ovyo, kumbe amefuata dagaa na asali kama dubu yeyote. Watamtisha kwa milio na kumfukuzia mbali, wajaribu kumwachisha chakula cha watu. Ila safu hii yote ya kambi itafungwa kwa wiki mbili, na kila aliyepo afungashe.

Kila aliyepo maana yake ni wale wazee pia. Baba hakuniambia niende, nilikwenda mwenyewe. Niliwaomba radhi. Nikawaambia hata kwamba nilidhani watauiba mzigo wetu. Yule bibi alikuwa bado ameshika mwiko wake. Akasema wao wamekuja pale kila Oktoba tangu watoto wao wakiwa wadogo, na sanduku lile halijawahi kupoteza hata kiberiti. Akanishika bega, akaenda kukunja viti vyao. Hiyo ilikuwa mbaya kuliko kugombezwa.

Tukaenda chini ya msonobari kuokota kilichobaki. Dagaa wote walikwisha. Chupa ya asali vipande vitupu. Kile kitambaa cha nje kilichoshonwa na Bibi kimekuwa nyuzi. Lakini chini yake kulikuwa na kitambaa kingine kimekunjwa mara nyingi, kimelowa asali na mate, kimechanika upande mmoja urefu wa kiganja. Baba akakikunjua taratibu, akapiga magoti kwenye majani ya misonobari. Ilikuwa kanga ya zamani mno, rangi zimefifia mpaka zimekuwa kama maziwa.

Baba akapitisha kiganja juu yake. Halafu akasema, "Hii ndiyo mbeleko yetu. Bibi yenu alinibeba nayo mimi. Akambeba Manka. Na wewe Ndeshi, siku zote ulizokaa kule, ulikuwa mgongoni kwa Bibi ndani ya hii."

Ile harufu ambayo sikuijua jina. Ndiyo hii.

"Na mimi?" Edson akauliza.

"Wewe umezaliwa Texas. Wewe ulibebwa na kigari."

Ningecheka siku nyingine.

Tulifunga mlango wa nyuma kwa kamba, mbeleko tukaitia kwenye ndoo yenye kifuniko, tukaanza kushuka kusini. Ni mwendo wa siku nzima. Edson alilala. Mimi nilisema pole mara nyingi, Baba anaitikia "nimesikia," anaangalia barabara. Tulipopita miji midogo ya mashariki ya Texas nikamwomba anisaidie, yeye ampe Shangazi, mimi nitakaa garini.

"Hapana," Baba akasema. "Ulimwahidi Bibi kwamba utaukabidhi kwa mkono wako. Utaukabidhi kwa mkono wako."

Kisha baada ya maili nyingi akaongeza kwa sauti ya chini kwamba kazini kwao akimwona mwenzake anaficha kitu kwenye ndege, kesho yake hawezi kufunga mlango bila kuchungulia. Hata akitaka, hawezi. Akasema hilo ndilo linalomsumbua, siyo kitasa wala dagaa.

Missouri City tulifika jua linazama. Nyumba ilinukia mtori. Mama alifungua mlango, akaniona sura, akanivuta ndani. Shangazi Manka alikuwa kwenye kochi, amejifunga kitenge, mtoto kifuani, mdogo mno, jina lake Zoé. Mumewe, Godefroid, Mkongomani, alikuwa amesimama pembeni anajiandaa kwenda zamu ya bohari. Nikapiga magoti nikamsalimu Shangazi shikamoo, nikaweka ile mbeleko iliyochafuka mikononi mwake, nikamweleza. Nilieleza yote mbele ya watu wote bila kuruka kitu.

Nikamaliza. Godefroid ndiye aliyekuwa wa kwanza kujibu. "Kumbe hata dubu alisikia kama Zoé amezaliwa," akasema. "Alikuja kula ya sherehe."

Mama akajitahidi asicheke akashindwa. Lakini Shangazi hakucheka. Aliikunjua mbeleko mapajani, akaweka pua yake palepale nilipoweka yangu, akalia kimyakimya. Nikadhani analia dagaa na asali. Baadaye Mama akaniambia hapana, Shangazi alikuwa amengoja miaka tisa kuletewa kitambaa kile.

Mama aliifua kwa mkono mara tatu. Asubuhi ya Jumatatu, kule kwetu ikiwa alasiri, tukampigia Bibi simu ya video. Baba akanipa simu akatoka chumbani. Bibi alikuwa amekaa jikoni kwake, moshi unapita mbele ya uso. Nilimwambia huku nalia, nikamwambia niliogopa kuvunja ahadi yake.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho. "Ndeshi, mama," akasema, "mzigo ni vitu. Dagaa wapo, asali ipo, Khalfan akija tena nitatuma. Lakini baba yako akiacha kuamini neno lako, mimi kutoka huku sina cha kukutumia." Akapunga moshi usoni. "Ukiona ahadi yangu na sheria ya baba yako zinagombana, njoo utuambie sote wawili. Usiziamue peke yako gizani. Mtoto mdogo angeweza kufa kwa dagaa wangu."

Kisha akaniambia nifute machozi nimwonyeshe mtoto.

Safari ya kurudi Irving, kabla hatujaondoka, Baba alizunguka vani, akavuta ile kamba ya mlango wa nyuma, akachungulia chini ya kitanda kwa tochi. Aliendelea kuchungulia Novemba yote na Desemba. Mimi niliendelea kukagua, na kila mara nilipopata kitu nilisema, hata kama ni ganda la pipi, na nilipokuwa sina uhakika nilisema sina uhakika. Jumamosi moja ya Februari tulikuwa tunakwenda kumtembelea Khalfan pale Carrollton. Nikakagua. Nikasema, "Safi." Nikasikia mlango umefungwa nyuma yangu, pa! Bila tochi. Nilikaa kwenye kiti changu nikaangalia dirishani njia nzima ili Edson asione uso wangu.

Sasa ni mwaka 2020. Kwa ajili ya korona shule tunasomea mezani jikoni, ndege zimepungua mpaka vikombe vimesahau kulia, na vani iliuzwa Januari kwa fundi mmoja aliyetaka kubebea ngazi zake. Siku inaondoka niliifuata kwa miguu mpaka kona. Waridi lile lilikuwa bado linaonekana ubavuni.

Lakini haikuondoka yote. Shangazi aliishona ile mbeleko pale ilipochanika. Alitia kiraka cha kanga ya njano yenye korosho nyekundu, kipande cha lile pazia la nyuma ambalo dubu alilipasua. Wiki iliyopita alitupigia video, amembeba Zoé mgongoni, mtoto amekuwa mzito sasa, miguu inaning'inia. Baba akamwuliza Zoé, hapo kwenye kiraka pana nini? Zoé akapeleka kidole chake palepale, akasema kwa uhakika wote wa dunia, "Dubu."

Baba akacheka mpaka akavua miwani. Halafu akanigeukia, akaniambia nikaangalie kama mlango wa nje umefungwa. Nilipopiga kelele kutoka ukumbini kwamba uko safi, yeye alikuwa ameshazima taa.